Ukoko wa Kifuniko

Mwoka mikate alifungua mtungi wa hamira aliorithi kwa marehemu mama yake, moyo ukamlipuka. Hapakuwa na povu hata moja, ila maji yanayonuka vibaya. Majuma mawili alikuwa kwa dada yake akimuuguza, na mtungi alimwachia mumewe.

"Umeifanya nini, baba watoto?"

"Nimeilisha sukari kila asubuhi, mama watoto. Vijiko vitano! Mkwe wangu alale njaa mimi nipo?" mumewe alitania, maana hamira ile aliiita mkwe, kisha akayaona machozi. "Ni siku hizi nne tu, sukari ilikwisha."

Mkewe akaketi sakafuni. Mama alikwishakwenda, na sasa mkate wake nao unakwenda. Ndipo akalikumbuka somo moja la darasa la uokaji alilohudhuria jioni. Mwalimu alisema chembe za hamira zikiwa kwenye shibe huzaana tu, hazijiwekei akiba. Zikionja njaa polepole, huficha sukari miilini mwao, na sukari hiyo huzilinda hata zikikauka.

Polepole! Akakinyakua kifuniko. Ukingoni palikuwa na ukoko uliokauka kidogo kidogo, ambao hakuna aliyeulisha. Akaukwangua kwa kisu, akautia kwenye maji vuguvugu na unga kidogo, akafunika.

"Ee Mungu, sina mwingine," aliomba, paji la uso likigusa meza.

Saa ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mumewe alisimama mlangoni. Saa ya tano, povu moja dogo kama kichwa cha pini likapanda, likapasuka.

"Mkwe ameamka?" mumewe akanong'ona.

"Usimpe sukari," akasema, akaanza kulia upya.