Pembe Isiyopokelewa

Sikuzani alishuka stendi ya Bagamoyo asubuhi, akanunua vitumbua na kuvila vingali moto, kitabu cha watalii kikiwa wazi mapajani. Kitabu kilisifu mchanga mweupe, milango ya nakshi na pweza wa kuchoma. Vyote alivikuta. Foleni ya wapagazi ndiyo ambayo kitabu hakikuitaja.

Ilianzia kwenye mlango wa hoteli, jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la tajiri wa pembe, ikapita maegesho ya magari na kuishia kwenye barabara ya kwenda bara. Walikuwa wanaume wa Unyamwezi, kila mmoja na pembe ya ndovu begani. Mwongoza watalii aliwapitisha wageni wake pembeni, kama mtu anayekwepa dimbwi.

Sikuzani alimfuata mmoja tu. Kwao Ng'ambo, mjini Tabora, bibi yake Kuluthumu alikuwa hoi kitandani. Lugembe, babu yake huyo bibi, alikwenda pwani na msafara wa pembe enzi hizo asirudi, na matanga yake hayakuwahi kuanuliwa. Bibi hakutaka kuingia kaburini akiwaachia wajukuu kilio cha urithi.

"Kamlete," alisema, akamfungia mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa.

Kwenye foleni alimtambua Lugembe kwa masikio, yale yale ya ukoo wao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Wa Kuluthumu, mjukuu wako. Nimekuja turudi nyumbani."

"Natamani, mjukuu wangu. Lakini mwenye mzigo hajaja kuupokea. Nikiutupa nitaitwa mtoro."

Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya wapagazi, na ndiyo iliyowafunga pale. Sikuzani aliona uchungu, akaingia hotelini. Meneja, kijana mpole, alimweleza kwamba tajiri alikwishakufa, na wao walinunua jengo tu, mizigo haiwahusu. Akampa maji baridi.

Alirudi kwenye foleni, akamfungulia mzee matobolwa. Mikono ya Lugembe ilikuwa imeshika pembe. Mtoto aliyelelewa Tabora hawezi kumtazama mzee na mzigo wake akanyamaza.

"Lete nikupokee, babu."

Pembe ilihamia begani kwake. Lugembe alikula taratibu, tonge kwa tonge, kisha akajipapasa bega kwa muda mrefu.

"Umelelewa vizuri," alisema, machozi yakimlenga. Akashika njia ya stendi.

Sikuzani alijaribu kuitua pembe. Haikutulika.

Siku kadhaa baadaye shangazi yake Hafsa alipiga simu. Sikuzani aliibana kati ya sikio na bega lililobaki.

"Babu kafika," alisema Hafsa. "Bibi kamshika mkono, kacheka, wakalala wote wawili wasiamke. Tumewazika. Matanga tumeanua leo, tulikungoja mno. Unakuja lini, mwanangu?"

Mtalii mmoja alimpiga picha. Mlangoni, mtumishi alikuwa akipiga deki kizingiti, akimzunguka mpagazi wa kwanza.

"Nikishapokelewa, shangazi," Sikuzani alijibu, akakata simu, akahamishia pembe bega la pili.