Mkwe Aliyekimbizwa Kwenye Mihogo

Aka, mama mkwe hakumkimbia Modest kwa ubaya wa sura! Nani kakudanganya? Alikuwa kijana mtanashati, mtu wa Bagamoyo, fundi rangi wa mabehewa pale reli Tabora, enzi za Mwingereza. Kosa lake lilikuwa kuijua Tabora kwa tumbo kabla hajaijua kwa adabu.

Kwa tumbo aliijua, nakwambia. Uyoga wa porini kala. Asali kalamba mpaka kiwiko. Alipopewa matobolwa, viazi vyetu vile vya kuchemsha na kuanika, alidhani anatafunishwa soli ya kiatu. Alipomaliza akaomba vingine. Kilichomshangaza ni salamu tu. Mtu hamjui, anamuuliza na ng'ombe hawajambo, naye hana hata kuku.

Basi akampenda Tekla, mwimba kwaya, binti wa Mzee Luhende wa Kwihara. Mzee akamwambia aje Jumapili wamwone, ale nao. Tekla akamvuta pembeni: "Baba ana kelele tu. Neno ni la mama. Ukimkosea mama, tumekwisha."

Modest akaapa: huyo mama nitamsalimu wa kwanza, tena kwa kumshika mkono.

Jumapili akatia koti, akashika njia ile ya misafara ya zamani. Alipokaribia nyumbani kwa Luhende akakutana na mama mmoja, kajitwika mtungi. Yule mama kumwona tu, akautua mtungi, huyoo, kwenye shamba la mihogo!

"Mama! Ni nyoka?" Modest akamfuata.

Mama akazidisha mbio.

"Simama nikusaidie, mama!" Koti linapepea, mihogo inalala. Wakalizunguka shamba lote, mpaka mama akapiga yowe: "Jamani, mtoeni mkwe wangu huku, ataniua!"

Mkwe! Modest akasimama papo hapo. Kumbe ndiye Apolinaria mwenyewe, mama yake Tekla. Kamfukuza kama mbuzi aliyeingia kwenye kunde.

Akakaa chini, anawaza treni ya kurudi pwani. Mara kikongwe akatokea na mkongojo. "Mume wangu huyo! Mbona umejaa majani?"

"Shikamoo, bibi."

"Bibi wa nani? Mkeo mimi! Tekla ni mke mdogo."

Modest akachoka. Mmoja anamkimbia, mwingine anamwoa! "Bibi, nimeharibu. Nimemkimbiza mama."

Bibi Minza, maana ndiye bibi yake Tekla, akacheka mpaka akaushika mkongojo kwa mikono miwili. "Mjinga wewe! Huku mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akikuona anakupisha njia, ndiyo heshima hiyo. Mimi bibi ndiye wa kutaniana nawe. Sasa wewe heshima umeifukuza shamba zima!"

"Amekasirika?"

"Nitajuaje? Kamuulize. Ila ukuta uwe katikati."

Modest akaenda kusimama nje ya ukuta wa jikoni. "Shikamoo, mama."

Ndani mwiko ukaendelea kugonga chungu.

"Mama, nisamehe. Kwetu mtu akikimbia tunamkimbilia. Nilidhani una shida."

Mzee Luhende uani kajiziba mdomo kwa kofia, mabega yanamcheza. Tekla kasimama mlangoni mwa jikoni.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nayo haikumwambia Modest, ilimwambia Tekla: "Tekla! Mwambie mkwe marahaba. Mwambie mihogo yangu ataipanda upya. Halafu mwambie, mwanamume mwenye mbio zile, ng'ombe wangu hawatapotea. Anawe mikono."

Luhende kofia ikamshinda, akaangua kicheko.

Ukaletwa ugali wa mtama na kuku, na mlenda. Wanaume wakakaa uani, wanawake jikoni, isipokuwa Bibi Minza, aliyekataa katakata kuachana na mumewe. Modest akachovya tonge kwenye mlenda, akalinyanyua; mlenda ukamfuata, ukavutika kutoka bakulini mpaka kidevuni, ukamalizikia kwenye koti.

"Ukate kwa kidole, mume wangu," bibi akasema, "au utaula mpaka Bagamoyo!"

Nyuma ya ukuta wa jikoni mama mkwe akacheka, akavuta kigoda, naye akakaa kula.