Tanbihi ya Kumi na Moja

Haya, sogea hapa nikutegee kimoja. Ni mdogo kuliko ndugu zake wote, amekaa chini ya miguu yao, na hakuna anayemtazama. Lakini siku akikohoa, waliokaa juu wanaporomoka. Ni nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Ifakara? Ahsante, nimekwenda, nimekula wali, nimerudi. Jibu ni tanbihi: yale maandishi madogo kama punje za ulezi chini ya ukurasa, ambayo wasomi huyaweka kueleza habari fulani wameitoa wapi.

Bibi Marsiana wa Idete naye hakuyajua hayo mpaka mjukuu wake Sikitu alipokwenda kusomea sheria. Huko chuoni wanafunzi wana jarida lao, wameliita Sikio la Sheria. Wanaliandika wenyewe, wanalihariri wenyewe na wanaligombania wenyewe. Mwalimu akitaka kulisoma, anangoja litoke kama watu wengine. Sikitu alipofika mwaka wa tatu akakubaliwa kuandika makala yake ya kwanza. Akaandika jinsi wakulima na wafugaji wa bonde la Kilombero wanavyopatana bila kufika mahakamani. Na katika tanbihi ya kumi na moja akaweka: Bibi Marsiana, mkulima, Idete, mazungumzo ya simu.

Bibi alipoambiwa, alipiga kigelegele kuku wakatawanyika. Wiki ile nzima aliitangaza tanbihi yake kanisani, kisimani, hata kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kelele zote zile. Kisha Sikitu akapiga simu tena.

"Bibi, Alhamisi tunakuja. Mimi na Fridolin."

"Fridolin ndiye nani? Mchumba?"

"Bibi, jamani! Ni mkaguzi wa tanbihi. Habari ambayo haimo kwenye vitabu, lazima mwanafunzi mwingine aende akaisikie kwa masikio yake, ndipo atie saini. Asipotia, makala haiendi kwa mchapaji Jumatatu."

"Na anakuja kusikia nini?"

"Ile ya ng'ombe wa Mzee Luhende. Simulia kama ulivyonisimulia, basi. Ila jiandae, huyo hana mchezo. Mwaka jana aliangusha makala ya mhariri mkuu mwenyewe."

Simu ikakatika. Bibi Marsiana akajikalia kwenye kigoda, furaha yote imemtoka kama upepo wa tairi la baiskeli. Maana habari ile kweli aliisimulia, ila hakuisimulia yote.

Alichosimulia ni hiki. Misimu miwili iliyopita, ng'ombe wa Luhende, Msukuma aliyehamia na mifugo yake, walikula jaruba lake zima la mpunga. Wazee wakakaa, wakaamua Luhende amlimie kwa plau msimu mzima. Luhende akalima bila kununa, na ujirani ukaendelea. Makala yote ya Sikitu ilikuwa imeegemea hapo.

Asichosimulia ni kwamba jaruba lile lilikuwa juu ya njia ya ng'ombe. Kijiji kilishaipima, hatua ishirini upana wake, mifugo ipite kwenda mtoni kunywa. Lakini udongo wa pale, we acha! Samadi ya bure miaka nenda rudi. Bibi alianza kwa kuimega njia hatua mbili. Msimu uliofuata akaongeza tano. Mwisho njia ikabaki ya kupita mbuzi, tena mbuzi mwembamba. Siku ya usuluhishi mvua ilikuwa imefunga, wazee wakakaa ofisini na hakuna aliyekwenda kutazama.

Alhamisi asubuhi bodaboda mbili zikaingia uani. Fridolin alikuwa mrefu, na viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa utafikiri anakwenda kuoa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Nawa mikono, kuna wali na samaki, kitoga wa nazi."

"Samahani, bibi. Mkaguzi hali kwa mtoa habari mpaka amalize kazi. Ni kanuni ya jarida."

"Hali?" Bibi akamgeukia Sikitu. "Mnafikiri nitamwekea sumu?"

"Sumu hatuiogopi, bibi," Fridolin akasema, huku jicho moja limebaki kwenye sufuria. "Tunaogopa utamu."

Sikitu akacheka mpaka akashika mlango. Fridolin akafungua daftari. Mwezi gani? Ng'ombe wangapi? Wazee waliokaa ni akina nani? Bibi akajibu vizuri, sauti imenyooka. Kisha kijana akauliza:

"Na hilo jaruba, kutoka njia ya ng'ombe ni umbali gani?"

"Ngoja kwanza nikutegee," Bibi akasema upesi. "Alikuja na koti la dhahabu, mashineni wakamvua, sasa amekaa uchi mezani."

"Mchele. Umbali gani, bibi?"

"Njaa ndiyo imekusaidia, wewe!" Bibi akasimama, akajifunga kanga. "Mwenye ng'ombe yupo. Twendeni kwake mkamsikie na yeye."

Njiani alitembea mbele kwa haraka, akitumaini Luhende amekwenda mnadani. Hakwenda. Walimkuta bomani akimpaka ndama dawa ya kupe, na Fridolin akasimama mbali kidogo, kwa ajili ya viatu, alisema, ingawa kulikuwa na fahali akimtazama.

"Mwangaluka," Luhende akasalimia, akafuta mikono. Alipoelezwa shida ya wageni, akamtazama Bibi Marsiana kwa kitambo, kisha akamtazama ndama wake.

"Walikula, nikalima. Yamekwisha."

"Lakini walitoka nje ya njia, mzee?"

"Kijana, mimi nilipofika hapa, mke wangu alishikwa na uchungu tukiwa bado kwenye turubai. Mama huyu ndiye aliyempokea mwanangu. Wewe andika walitoka."

"Kuniambia niandike walitoka si sawa na kuniambia walitoka," Fridolin akasema kwa adabu. "Mzee, pale walipokula, njia ilikuwa imelimwa? Na nani aliilima?"

Luhende akacheka kidogo. "Mimi ni wa ng'ombe. Mambo ya jembe uliza wenye jembe."

Ndama akakohoa. Fridolin akamtazama Bibi, na Bibi akajifanya anatoa mbigili kwenye kanga. Mwisho kijana akafunga daftari.

"Sawa. Hilo la njia lilikuwa swali langu la ziada, si lazima lijibiwe. Kanuni inataka pande mbili ziseme jambo moja, na zimesema. Naweza kutia saini."

"Imepita!" Sikitu akaruka. Akampiga Fridolin begani, akamkumbatia bibi yake, akatoa simu awatumie wahariri. "Bibi, hujui tu! Nilikuwa silali. Mzee Luhende, subiri nikusomee mwisho wake, na wewe umo."

Akasoma kwa sauti ya furaha, kama mtoto anayesoma cheti chake. Makala ilimsifu Bibi kwa uvumilivu. Iliwasifu wazee. Kisha ikafika mahali pasemapo kwamba wafugaji wahamiaji, kama mfano huu unavyoonyesha, bado wanahitaji kufundishwa kuheshimu mashamba ya wenyeji.

Luhende alikuwa akitabasamu kwa heshima. Aliposikia hapo, tabasamu likabaki usoni lakini macho yakashuka. Akaokota kopo la dawa, akalifunga kifuniko, akalifungua, akalifunga tena.

Bibi Marsiana akaliona kopo lile. Aliwaza jinsi plau ya mtu huyu ilivyopita shambani kwake alfajiri kwa alfajiri, na yeye amekaa kivulini akimpelekea uji kama mtu mwema. Jumatatu maneno haya yatachapwa. Yatakaa maktaba, watoto wa watu watayasoma, na juu yake kuna jina la Sikitu. Akamtazama mjukuu wake, uso unavyong'aa kwenye ile simu, na moyo ukamuuma kwelikweli. Fridolin alishainamisha kalamu kwenye karatasi.

"Baba, simamisha hiyo kalamu."

"Bibi?" Sikitu akainua macho. "Kuna nini? Imeshapita."

"Na wewe uweke simu mfukoni, usitume kitu. Huyu mwenzako kauliza swali, mimi nikahangaika na mbigili. Haya, fungua daftari, baba, andika. Njia ya ng'ombe niliilima mimi. Misimu mitatu, kidogo kidogo, na nilikuwa najua. Ng'ombe wa Luhende walikuwa wanapita njiani kwao."