Mkono Uliosugua Kingo

Kile kipande kilikaa mezani tangu asubuhi, mimi sikukaa. Nilikwenda rafuni, nikarudi. Nilikigeuza, nikakitua, nikafuta kaunta niliyokuwa nimeshaifuta. Kilikuwa kiungo cha shaba chenye meno matatu, cha kuunganisha dinamo na pampu ya maji, kimepasuka ubavuni. Kazi yangu ni kutazama spea ya gari la kale, hata iwe ya ajabu kiasi gani, na kusema imetoka kwenye injini gani. Watu hutoka mbali kunifuata kwa hilo.

"Dada Spea, mbona unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia?" aliuliza dalali wa magari, yule tunayemwita Sukari kwa utamu wa maneno yake. "Sema tu ni ya asili. Mnunuzi wa gari nilikoitoa atapiga simu sasa hivi, na hamwamini mtu ila wewe."

Nilikisogeza karibu na macho. Nyuzi za skrubu za upande mmoja zilikuwa za kipimo cha inchi, za upande wa pili za milimita. Hakuna kiwanda chenye akili timamu kinachofanya hivyo. Ndani ya nyuzi shaba ilikuwa bado inang'aa, kwa hiyo ilikatwa juzijuzi, si enzi za babu zetu. Na kingo zote zilikuwa zimesuguliwa zikalainika, hata zile za ndani ambazo hakuna atakayeziona. Mungu wangu! Ni mtu mmoja tu niliyewahi kumwona akipoteza muda kwa kingo za ndani. Alikuwa akisema spea isije ikamkata fundi atakayeishika baada yake.

Kaka yangu. Miaka mingi iliyopita, katika duka hilihili, aliuza spea aliyoichonga mwenyewe akidai ni ya kiwandani. Mteja aliniuliza, nikasema kweli. Baba akamfukuza. Kaka akaondoka na mkoba wa tupa zake za kuchongea chuma, asionekane tena, hata baba alipozikwa. Nilikuwa sahihi, na leo bado niko sahihi; anayetaka kunilaumu na anilaumu. Lakini usahihi wangu haukumrudishia mama mwanawe. Sasa macho yamemwisha, na kila mlango ukilia huinua uso.

"Hii kaichonga nani?" nilimuuliza Sukari. "Yuko wapi?"

Alitabasamu kwa raha. "Kumbe unamjua! Basi mambo mepesi. Mwambie mnunuzi ni ya asili, nami nitakupeleka mpaka mlangoni kwake. Nipe nikupe."

Neno moja tu, na mama angempata mwanawe! Nilitazama pazia la chumba cha nyuma alikokuwa amepumzika. Simu ikalia.

"Habari za kazi, dada? Nambie basi, ni ya asili?"

Nilifungua kinywa kusema ndiyo. Naapa nilitaka.

"Hapana," nikajisikia nikisema. "Imechongwa kwa mkono, hivi karibuni."

Sukari alijipiga paji la uso. Mara ile ya kwanza niliishia hapo hapo. Safari hii sikuweza kuishia hapo.

"Nisikilize," nilisema. "Hata kiwandani hawatengenezi vizuri hivi. Kila jino limekaa panapotakiwa. Imepasuka kwa kuwa shaba yenyewe ilikuwa ya kuokoteza, si kwa ubaya wa fundi. Ningekuwa na gari la kale, ningempa yeye na si mwingine." Nilikuwa nalia, na wala sikujali nani ananiona.

Mnunuzi alishukuru kwa adabu. Gari hakulitaka.

"Umenimaliza," alisema Sukari. "Na fundi wako hutamwona ng'o! Baki na takataka yako." Akatoka akiubamiza mlango. Nilimkimbilia hadi barabarani, nikamshika shati nikimsihi. Alijinasua, akapanda gari lake, huyoo, akaenda zake.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama penye meza, kile kipande kiganjani. Alikuwa amesikia yote. Kidole gumba chake kilizunguka kingo taratibu, kikarudi, kikazunguka tena.

"Ni yeye," alisema.

"Ndiye, mama."

"Wewe husoma kila kitu kwenye vyuma hivi." Akaninyooshea. "Hebu nisomee. Mwanangu mzima? Hali yake ikoje?"

Nilikipeleka dirishani, nikatazama pale nilipokuwa napakwepa tangu asubuhi. Kati ya jino la pili na la tatu tupa ilikuwa imeteleza, ikarudishwa, ikateleza tena. Ilikuwa mikwaruzo ya mkono unaotetemeka, mkono usiotii tena. Juu ya mikwaruzo hiyo alikuwa amesugua, akasugua, ili mtu asijue. Mama aliinua uso akisubiri.

"Mzima, mama," nikasema. "Mkono wake bado imara kabisa."