Msiwaite Kuku Wageni

Wazazi wenzangu mnaofuga kuku wa nyama, nawaomba jambo moja tu: watoto waambieni ukweli mapema. Mimi sikusema, na nusura nimpoteze mama mkwe.

Tulinunua vifaranga kumi na wawili. Binti yangu wa miaka mitano, tunayemwita Kasuku kwa sababu hakuna neno linalompita, akawapenda kuliko wanasesere wake. Nikaingiwa na hofu. Huyu ni mtoto aliyewahi kulilia mende asubuhi nzima. Akijua kuku hawa ni wa sufuria, itakuwaje? Nikamwambia mume wangu, "Mbele ya mtoto tuwaite wageni. Watakaa wiki sita, halafu watasafiri."

Ikawa hivyo. "Wageni wamemwaga maji tena." "Wageni wananuka, badilisha maranda." Na Kasuku yuko chini ya meza, masikio wazi.

Wiki ya sita, Ijumaa jioni, mama mkwe akaja. Alikuwa hajakanyaga kwangu miaka mitatu, tangu niliposema mbele za watu kwamba wali wake umeungua. Nilimbembeleza kwa simu wiki nzima ndipo akakubali. Nilijua akiondoka na kinyongo safari hii, harudi tena. Nikamkalisha sebuleni, nikamwachia Kasuku, nikakimbilia kwa jirani kuazima sufuria kubwa.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mama mkwe mwenyewe, na kila akisimulia anaongeza chumvi.

Yeye ni mtu wa mwili, na kile kilima cha kufika kwetu kilikuwa kimemkata pumzi. Akauliza, "Mjukuu wangu, hakuna chochote cha kutia mdomoni?"

"Hakuna, Bibi. Wageni leo hawali. Wanapewa maji tu."

"Nani kasema?"

"Mama. Anasema tumbo likiwa tupu, kazi ya kesho inakuwa safi."

"Kazi gani hiyo?"

"Ya wageni kusafiri. Baba ameshanoa kisu. Akauliza, tuanze na nani? Mama akasema, tuanze na yule mnene, anayeshinda amekaa anahema tu."

Niliporudi na sufuria kichwani, nilimkuta getini, mkoba kwapani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akaitazama sufuria. Akanitazama mimi.

"Nitaenea humo?" akauliza.

"Mama, unasemaje?"

"Mapishi yangu uliyasema, nikanyamaza. Leo umeamua unipike mwenyewe?"

Akanieleza yote aliyoambiwa na mjukuu wake. Kasuku alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika gauni. Nikinyamaza, bibi anaondoka. Nikisema, mtoto anasikia.

"Wageni ni kuku, Mama! Kuku! Kesho tunawachinja!"

Kasuku akaliachia gauni la bibi yake. "Kwa hiyo hawasafiri?"

Nilitaka kujibu kwamba wanasafiri kidogo. Mama mkwe akanitangulia. "Hawasafiri, mjukuu wangu. Tunawala. Yule kuku uliyemla mwezi uliopita, ulidhani aliota bustanini?"

Mtoto akalia. Bibi yake akaketi chini palepale getini akampakata mpaka kilio kikaisha. Halafu likaja swali: "Firigisi anakula nani?"

Asubuhi baba yake alichinja, mimi nikachemsha maji ya kunyonyolea mpaka yakatokota. Mama mkwe akaruka. "Unapika ngozi, wewe! Itatoka pamoja na manyoya!" Akayapoza.

"Mama, wewe kaa upumzike, ni mge..."

"Koma! Humu ndani usiniite hivyo tena."

Akakunja mikono ya gauni, akaingia kazini. Kasuku akapewa kazi ya kusaka vinyoya vilivyobaki, maana macho yake ni makali kuliko yetu. Nilikaa namwangalia nikingoja alie. Hakulia. Alinionyesha vingapi nilivyoruka mimi.

Nikadhani yameisha. Jumatatu mwalimu wake wa chekechea akapiga simu, sauti imembadilika, nifike upesi. Kumbe Kasuku amewasimulia wenzake: kwetu kulikuwa na wageni kumi na wawili, wawili tumewala, waliobaki wako kwenye friji.

Nikayarudia maneno hayo kwa sauti, simu bado sikioni. Mama mkwe, ambaye hadi saa hiyo hakuwa ametaja habari za kuondoka, alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.

"Twende wote," akasema. "Wamwone aliyepona."