Droni Juu ya Boma la Asekon

Lomunokol alikuwa mtu wa kusoma maelezo kabla ya kugusa kitu. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutengeneza simu na redio mjini Lodwar bila mwalimu. Aliponunua droni kuukuu kwa mkandarasi aliyekuwa akifunga kazi Lokichar, hakuirusha. Aliisajili kwanza, akasoma kanuni zote, akazirudia mpaka zikamkaa kichwani. Usirushe karibu na uwanja wa ndege. Usirushe juu ya watu wala karibu na nyumba zao. Usiache ikupotee machoni. Usirushe gizani.

Taabu ni kwamba Lodwar uwanja wa ndege uko mjini hapo hapo. Droni ikakaa rafuni miezi, akiifuta vumbi kila Jumapili.

"Lete huku Kakuma," Firmin alimwambia kwenye simu. Firmin alikuwa Mkongo, kinyozi kwenye kambi ya wakimbizi huko Kakuma. Walizoeana Lomunokol alipokwenda kumtengenezea mashine za kunyolea.

"Huko pia kuna uwanja. Na kambi imejaa watu."

"Sasa wee ndugu, kwa hizo sheria zako hata nzi hawezi kuruka! Umenunua ndege ya kuangalia tu?"

Lomunokol alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Mwishowe alipata mahali: tambarare ya mawe, mbali nje ya Kakuma, ambako dada yake Asekon alikaa na mama yao na mbuzi. Alimwarifu chifu, akapita kituo cha polisi, akaambiwa hakuna neno. Asekon peke yake ndiye ambaye hakuarifiwa. Hakuwa na simu, na tena Lomunokol alitaka kumshangaza. Alitaka akifika ampe picha, amwambie, tazama mbuzi wako wanavyoonekana wakitazamwa na Mungu.

Asekon aliwahi kuolewa Kapedo. Alirudi akiwa mjane, na kovu begani, na mbuzi wachache nyuma yake. Hakumsimulia ndugu yake yaliyompata. Lomunokol hakuuliza, aliona kwamba mtu husema akiwa tayari.

Basi asubuhi ile yeye na Firmin walisimamisha pikipiki kwenye mwinuko ambapo boma lilionekana kwa mbali. Upepo ulikuwa umelala. Droni ilipaa, ikaanza kulia kama nyuki wengi, na Lomunokol, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alijikuta akitabasamu peke yake. Aliipeleka kando ya boma, mbali na vibanda kama inavyotakiwa. Kwenye kioo cha simu mbuzi walionekana weupe, wamekusanyika. Mara kundi likapasuka. Wengine kaskazini, wengine kusini, wengine moja kwa moja kwenye laga, ule mto mkavu.

"Angalia, banacheza!" Firmin alipiga makofi.

Lomunokol alisogeza kioo karibu na macho. Mbuzi wakishtuka hukimbia pamoja. Hawa walikuwa wametawanywa.

Walipofika bomani hapakuwa na mtu. Moto ulikuwa umefukiwa kwa mchanga. Fimbo ya mama ilikuwa imeegemea kibanda, na mama hakuwa na uwezo wa kwenda hata kujisaidia bila fimbo ile. Kando ya mlango palikuwa na jerikani ya maji. Firmin aliitikisa.

"Imejaa," alisema. "Bameenda bila maji."

Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Lomunokol aliita jina la mama, akaita la dada, mpaka sauti ikakwaruza. Nyayo ziliingia kwenye mawe zikaishia hapo. Mbele ya mawe ilianza laga, na kando yote ya laga ilikuwa miti ya mathenge, miba kwa miba, mpaka macho yanapokoma.

Kutafuta kwa miguu kungemaliza mchana. Akairusha droni tena. Sasa hakuangalia umbali wala urefu. Aliishusha karibu na vichwa vya miti, akaipitisha pole pole juu ya laga, kwenda na kurudi. Hakuona kitu. Akabadilisha betri, akaipeleka tena, chini zaidi. Safari hiyo Firmin alisema ameona kama nguo nyekundu ikiingia chini ya matawi, lakini walipoirudisha droni pale pale hapakuwa na nguo.

Ndipo alipotokea mtu mbio, bunduki begani, jasho likimtiririka. Alikuwa Elijah, polisi wa akiba, jirani wa Asekon.

"Hiyo kitu inalia ni ya nani?"

"Ejok, Elijah," Lomunokol alimsalimu. "Ni yangu."

"Yako ya kazi ya serikali?"

"Ya kujifurahisha tu."

Elijah alifuta jasho usoni. "Ya kujifurahisha," alisema, bila dhihaka, kama mtu anayejaribu kulielewa neno. "Shusha. Shusha sasa hivi."

Lomunokol akaishusha.

"Asekon ni mtu ya Kapedo. Kule ukisikia kitu inalia juu, ujue vita imefika. Unafukuza mbuzi kila upande, zisipatikane pamoja. Unazima moto. Unaingia kwa miti, unanyamaza. Ikirudi, unaenda ndani zaidi. Umerudisha mara ngapi?"

Lomunokol aliinama, akachomoa betri ya droni.

"Nitamwita," alisema. "Sauti yangu anaijua."

"Hatajibu. Kule bwana yake aliitwa na jina, usiku, na sauti anajua. Akatoka. Sasa Asekon hatajibu hata wewe."

"Basi tufanyeje? Mama hana maji, Elijah!"

"Turudishe mbuzi. Akisikia kengele bomani, atajua kumetulia. Ingine sijui."

Wakaanza kukusanya mbuzi. Firmin alichukua jerikani, akaifuata laga taratibu bila kuita, kama alivyoagizwa, akichungulia chini ya kila kichaka mpaka mikono yake ikachanika. Lomunokol alikimbiza mbuzi juu ya mawe yaliyowaka kama bati. Akimpata mmoja, mwingine anatoroka. Kila aliposimama kuvuta pumzi alijaribu kusikia kikohozi, jiwe likiviringika, chochote. Kanuni zilimjia kichwani moja baada ya nyingine, zenyewe, bila kuitwa. Alizikagua kama anavyokagua nyaya. Ile safari ya kwanza, hakuona aliyoivunja.

Jua lilikuwa limeshuka mbuzi mwenye kengele aliporudi bomani na wengine nyuma yake. Kengele ikalia. Wakakaa chini, wakangoja.

Asekon alitoka kwenye miti upande ambao hawakuutazamia kabisa, mbali, zaidi ya walikotafuta. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Firmin alimkimbilia na kikombe cha maji, naye akakipokea, lakini hakunywa. Aligeuka akarudi alikotoka na kikombe, nao wakamfuata.

Mama alikuwa amelala chini ya mathenge, amefunikwa shuka mwili mzima, na juu ya shuka matawi yamepangwa vizuri. Lomunokol aliondoa matawi, akafunua. Alimshika shavu, akangoja pumzi, haikuja. Akaendelea kulishika.

"Alikuwa anataka maji," Asekon alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Nikataka kurudi kuchukua. Kile kitu kikarudi. Nikambeba mpaka huku. Kikarudi tena, chini kabisa. Nikamfunika, nikamwambia mama, usitingishike."

Alipiga magoti karibu na ndugu yake, akampapasa mabega na mgongo, kama anayetafuta jeraha.

"Na wewe? Ulikuwa njiani? Ulijificha wapi?"

Firmin aliinamisha kichwa. Elijah akatazama pembeni.

"Ilikuwa yangu, dada," Lomunokol alisema. "Ile iliyokuwa ikilia. Ni mimi."

Asekon alitazama juu kupitia matawi, anga lote, upande huu na upande ule. Kisha akamvuta mkono, akamwingiza chini ya mti, kando ya mama.

"Usiongee kwa sauti," alimnong'oneza.