Sushila Aulizwa Kura Yake

Zilikuwa zimebaki wiki nne jimbo la Kilburn, huko ughaibuni, lichague mbunge, na wagombea wawili walikuwa wakichuana vikali. Sushila, mama wa miaka sitini na mbili aliyezaliwa Kisumu, alipita mlango kwa mlango akikusanya maoni: una umri gani, unafanya kazi gani, utampigia nani. Ukungu ulizifunika nyumba, naye alijihisi kama anatembea usingizini, sauti za watu zikimfuata nyuma.

Mlango mmoja ulifunguliwa na Mumbi, nesi aliyekuwa ametoka zamu. Aliposikia lafudhi ya mgeni wake, macho yalimng'aa.

"Wewe ni wa Kenya?"

"Kisumu."

"Basi ingia, mama, unywe chai."

Mumbi alijibu maswali yote, kisha akauliza, "Na wewe je, utampigia nani?"

Sushila aliiweka kalamu mezani. Miaka ishirini alikuwa akiwauliza wengine, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Mvuke wa chai ulimpanda usoni, chumba kikawa kama kinaelea.

"Sijawahi kupiga kura, ingawa haki ninayo," alisema polepole. "Tangu nitoke nyumbani najiona mpita njia tu."

"Umekaa hapa miaka mingapi?"

"Arobaini."

"Ai, mama! Mpita njia gani huyo?"

Jioni ile Sushila alijiandikisha. Siku ya uchaguzi aliikodolea macho karatasi kwa muda mrefu, kisha akatia alama yake. Mgombea wake alishindwa kwa kura kumi na moja. Sushila alihuzunika kama mwenyeji anavyohuzunika, na huzuni hiyo aliipenda.